Kibanja, Deni na Mlango wa Nyumba

Mtu wa Mabira akiulizwa mali yake ni nini, hataji fedha kwanza. Hutaja kibanja: migomba inayoizunguka nyumba, mibuni chini ya migomba, maharage katikati yake, na makaburi ya wazee waliolitangulia jembe lake. Ng'ombe huenda na kurudi, na fedha hupita mkononi kama maji. Bali kibanja ndipo mtu anapojulikana ni mwana wa nani.

Basi swali langu ni hili. Mwenye kibanja akiwiwa deni, akashindwa kulipa, mdai wake aweza kufika hata wapi? Aweza kuchukua mbuzi, au kahawa iliyoanikwa uani? Aweza kuufunga mlango wa nyumba na kukiuza kibanja, mke na watoto wakatoka na mikeka yao? Wengi hujibu kwa woga, na wengine hujibu kwa kiburi. Afadhali tuulize historia, maana jibu la leo limetengenezwa na watu wengi, na wengine katika hao hawakuijua Karagwe hata kwa jina.

Zamani za wafalme wa Karagwe, wenye baraza lao Bweranyange, ardhi haikuwa bidhaa ya sokoni. Mwaka 1861 Speke na Grant walipokaribishwa na Mfalme Rumanyika, biashara ya Waarabu na Waswahili ilikuwa imekwisha kufika nchi hii, nao wafanya biashara walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na baraza la mfalme. Stanley naye aliwakuta huko mwaka 1876. Mali yao ilikuwa nguo, shanga na masango ya shaba. Walichotaka kilikuwa pembe za ndovu, na watumwa pia. Biashara hiyo yote ilikwenda kwa mkopo. Tajiri wa Kihindi wa Unguja alimkopesha Mwarabu, Mwarabu akampa bidhaa mwenzake wa bara, hata uzi wa deni moja ukanyoka kutoka baharini mpaka mto Kagera. Lakini uzi huo haukukifunga kibanja. Migomba ilikuwa chini ya ukoo na chini ya mfalme, na mgeni hakuwa na soko la kuiuzia.

Hata hivyo tusizisifu siku zile kupita kiasi. Mahali ambapo shamba haliuziki, mdai hutafuta kitu kingine. Sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki kitu hicho kilikuwa mtu. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1898 hadi 1900, huko Usambara na nyuma ya pwani, wazazi waliwatoa watoto wao rehani ili wapate chakula, na mara nyingi mtoto huyo alikuwa msichana. Shamba lilisalimika, mtoto hakusalimika. Kila ninaposikia mtu akisema kwamba wahenga hawakuijua hasara ya madeni, huwakumbuka watoto wale.

Kahawa ndiyo iliyobadili mambo ya nchi yetu. Mibuni ilikuwako tangu kale, na watu walitafuna buni zilizochemshwa kwa heshima ya wageni na kwa udugu wa damu. Lakini ilipokuwa zao la kuuza, katika siku za Wajerumani na zaidi katika siku za Waingereza, kibanja kikapata bei. Mti mmoja wa mbuni sasa uliweza kuhesabiwa kwa shilingi. Na kitu chenye bei huweza kudaiwa.

Ukoo ulikuwa na kinga yake. Desturi za Wahaya ziliandikwa na Cory na Hartnoll katika kitabu kilichotoka mwaka 1945, na wakati huo Karagwe ilikuwa katika wilaya ya Bukoba. Desturi ilitenganisha kibanja alichokinunua mtu kwa jasho lake na kibanja cha ukoo alichorithi. Cha kwanza aliweza kukitoa apendavyo. Cha pili hakuruhusiwa kukiuza kwa mgeni kimya kimya. Ilimpasa kuwapasha habari jamaa zake, nao walikuwa na haki ya kukikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Angalieni busara iliyomo. Ukoo haukusema, "Deni lisilipwe." Ulisema, "Deni lilipwe, lakini makaburi yasiondoke." Mnunuzi alipata fedha yake, na migomba ikarudi kwa wenyewe.

Kinga hiyo ilikuwa na tundu moja, nalo ni kubwa. Haikuwatazama wanawake sawasawa na wanaume. Binti aliyerithi alihesabiwa kama mtumiaji tu: ale ndizi, achume kahawa, asiuze. Nitalirudia jambo hili, maana lilikuja kuamuliwa mahakamani.

Serikali ya Kiingereza nayo ilileta kinga za namna yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya Gavana, na Mwafrika hakuweza kumhamishia mtu asiye Mwafrika haki ya ardhi pasipo idhini. Tena ikawekwa sheria ya kuzuia kuwakopesha wenyeji, na ile ya mwaka 1931 ndiyo iliyojulikana zaidi: mwenye duka asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani, ila kwa kibali kilichoandikwa na afisa wa serikali. Kwa upande mmoja, sheria hiyo iliokoa mashamba mengi. Kwa upande wa pili, ilimhesabu mtu mzima kuwa mtoto asiyeaminika na sahihi yake. Mkulima aliyetaka mkopo wa haki, anunue baiskeli au bati za nyumba, aliukosa pamoja na mjinga na mlevi. Nami nasema bila kuficha kwamba kinga inayomfunga mikono mtu inayemkinga ni kinga nusu. Wala haikuziba kila njia. Maana mkulima aliweza bado kumwahidi mnunuzi kahawa yake kwa mdomo, na ahadi ya namna hiyo hulipwa shambani kabla ya kufika mahakamani.

Sasa nawaomba mnifuate mbali kidogo, mpaka Bara Hindi, kwa sababu huko ndiko ilikotoka sehemu ya sheria inayomlinda mkulima wa Kyerwa leo.

Katika nchi ya Deccan, karibu na miji ya Poona na Ahmednagar, wakulima walikuwa wamezama katika madeni. Walipoanza kuuziwa mashamba kwa amri ya mahakama za Kiingereza, mwaka 1875 waliinuka. Jambo la ajabu ni kwamba kwa sehemu kubwa hawakuua. Waliwaendea wakopeshaji wakadai zile hati walizotia sahihi au alama ya kidole, nazo hati wakazitia moto. Hati zikiisha kuteketea, mara nyingi ghasia iliishia hapo. Watu wale walijua vizuri adui yao alikuwa nini: alikuwa karatasi. Serikali iliwaadhibu, lakini pia ilishtuka, na mwaka 1879 ikatunga sheria kwamba shamba la mkulima lisikamatwe kwa deni la fedha, isipokuwa yeye mwenyewe amelitaja na kuliweka rehani kwa maandishi. Yashikeni maneno hayo, isipokuwa amelitaja mwenyewe, maana tutayakuta tena karibu na nyumbani.

Kanuni kuu ya mashauri ya madai ya Bara Hindi, iliyotungwa mwaka 1908, nayo iliitoa nyumba ya mkulima katika vitu viwezavyo kukamatwa na mdai. Kanuni hiyohiyo ilitumika Tanganyika chini ya Waingereza. Hivyo kilio cha watu wa Deccan kilivuka bahari ndani ya kitabu cha sheria, wala hakuna aliyekisikia kikipita. (Si Wahindi tu walioliwaza jambo hili. Jamhuri changa ya Texas, kabla haijaingia Marekani, ilitangaza mwaka 1839 kwamba nyumba ya mtu na eka 50 za ardhi yake zisichukuliwe na wadai.)

Unguja yaonyesha upande mwingine. Wenye mashamba ya mikarafuu, Waarabu wengi wao na Waafrika pia, walikopa kwa matajiri wa Kihindi miaka mingi huku mashamba yakiwa rehani. Bei ya karafuu iliposhuka sana katika miaka ya 1930, ikaonekana kwamba kisiwa kizima kingeweza kubadili wenyewe. Mwaka 1934 serikali ilizuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamishwe kwa watu wengine bila ruhusa, na madai yakasimamishwa kwa muda. Mwaka 1938 ikaja sheria ya kuyapatanisha madeni. Mashamba yalibaki kwa wenyewe, lakini chuki iliyoingia kati ya jamaa za watu haikufutwa na sheria yo yote. Ajabu ya Unguja ni hii: wakopaji hawa hawakuwa maskini. Walikuwa mabwana wenye majina, na rehani iliwashika vilevile.

Turudi kwetu. Baada ya uhuru, mwaka 1966, Tanzania ilitunga Sheria yake ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kwa kuifuata ile ya Bara Hindi, tena ikaipanua. Sheria hiyo inataja vitu ambavyo havikamatwi kwa sababu ya hukumu ya deni. Miongoni mwao ni nguo za lazima za mdaiwa na jamaa yake, vyombo vya kupikia na matandiko, na zana za kazi za fundi na mkulima. Ipo nyumba anayokaa mdaiwa na mkewe na watoto wanaomtegemea, nayo ardhi ya kilimo ya mtu ambaye maisha yake yote yategemea ardhi hiyo. Hivyo mwenye duka aliyempatia mtu mabati kwa mkopo, akishinda mahakamani, hana ruhusa ya kumtoa ndani ya nyumba kwa hukumu hiyo tu.

Walakini sheria haipigi kelele yenyewe. Dalali wa mahakama akiweka alama ya mnada juu ya nyumba, na mwenye nyumba akakaa kimya kwa aibu, mnada waweza kupita. Yampasa aende kwa mahakama iliyotoa amri, apeleke pingamizi, na aonyeshe kwamba ndiyo nyumba anayokaa na jamaa yake. Mke aweza kupeleka pingamizi kwa jina lake mwenyewe. Ndugu wa ukoo mwenye haki katika kitu kilichokamatwa naye aweza. Nimeona watu wenye haki kamili wakijificha shambani siku ya mnada, kana kwamba deni ni ukoma.

Sasa yale maneno ya Deccan. Kinga hii yote huanguka mtu akiiweka nyumba yake rehani kwa hiari. Benki au chama cha mikopo kikishika rehani iliyofanywa sawasawa, hakihitaji kuikamata nyumba kama mdai wa kawaida. Nyumba ilikwisha kutajwa na mwenyewe. Ndiyo sababu sheria zetu zimeuweka mlinzi mwingine mlangoni, naye ni mke, au mume kama nyumba ni ya mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kwamba nyumba ya ndoa isiuzwe, isitolewe zawadi, isipangishwe wala isiwekwe rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikakaza fundo: rehani ya nyumba ya ndoa haisimami bila sahihi ya mwenzi anayekaa humo. Mabadiliko yaliyofuata yalimpa mkopaji wajibu wa kusema kweli kama ana mwenzi, na mkopeshaji wajibu wa kuhakikisha. Mwenye rehani akishindwa kulipa, ni lazima apewe kwanza taarifa ya maandishi yenye muda wa siku 60.

Kwa hiyo mke anayeletewa karatasi jioni, huku wino umekwisha kukauka kwenye jina la mumewe, akaambiwa, "Tia sahihi hapa, ni mambo ya ofisi," ameshika ufunguo wa nyumba mkononi mwake. Yafaa asomewe karatasi hiyo yote kabla ya kalamu kugusa. Vivyo hivyo mtu anayeombwa kuwa mdhamini wa jirani. Neno "mdhamini" ni jepesi kinywani, lakini likiambatana na hati ya kibanja huwa ni rehani kwa deni ambalo fedha yake hakuiona.

Nilisema nitarudi kwa mabinti. Katika nchi ya Muleba, mwanamke mmoja alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Alipokuwa mzee, asiye na mtu wa kumtunza, aliiuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake alishitaki, akisema kwamba kwa desturi mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilipanda kutoka mahakama ya mwanzo hata Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba desturi hiyo yapingana na haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984. Mwanamke ana uwezo wa kuuza kama mwanamume. Lakini jaji hakuitupa desturi yote. Alimruhusu yule kijana kuikomboa ardhi, kama angemrudishia mnunuzi shilingi zile 300,000 katika muda wa miezi sita. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ilikuwa nzuri kwa pande zote mbili: iliacha kazi ya ukombozi, ambayo ni kinga ya kweli, na iliondoa lile tundu ambalo kwalo mzee aliweza kufa njaa juu ya ardhi yake mwenyewe.

Katika vijiji vya leo lipo pia Baraza la Ardhi la Kijiji, lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Lina wajumbe saba, na watatu kati yao hawana budi kuwa wanawake. Kazi yake ni kupatanisha. Hati ya hakimiliki ya kimila nayo hutolewa chini ya sheria hiyo, na watu hufurahi sana wakiipata. Ni kitu chema, kwa kuwa huthibitisha mipaka na majina, na majina ya mume na mke yaweza kuandikwa yote mawili. Ila hati ni kitu cha kuwekwa sandukuni. Ikianza kutembea kutoka ofisi moja ya mikopo hadi nyingine, imekwisha kuwa kitu kingine.

Nimeulizwa mara kadhaa kama mtu aweza kumwandikia nduguye kibanja siku deni likikaribia, ili mdai akute mikono mitupu. Hila hiyo ni kongwe. Waingereza waliitungia sheria mwaka 1571, kwamba mali iliyotolewa kwa nia ya kuwahini wadai irudishwe, na mahakama za nchi zilizofuata sheria yao zimeishika njia hiyo hadi leo. Hasara yake ya pili haimo katika vitabu: ndugu aliyeandikiwa kibanja kwa hila naye ana madeni yake, ana wake na watoto wake, na siku akifa karatasi yasema ni chake.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalowapotezea watu wa Mabira na Kyerwa yote mali nyingi kuliko minada. Ni butura. Kila mtu hapa analijua jina hilo: kuuza kahawa ingali maua au ingali mbichi mtini. Shule hufunguliwa Januari, mtoto ataka sare na madaftari. Au kuna ugonjwa, au msiba. Kahawa haijaiva. Huja mtu mwenye fedha mfukoni, hutazama mibuni, hutaja bei. Hakuna hati, hakuna hakimu, hakuna dalali.

Wanafunzi, ifanyeni hesabu hii ubaoni. Tuseme mtu amepewa shilingi 30,000 kwa gunia moja, na miezi minne baadaye gunia lile lauzwa shilingi 60,000. Mkopo wa shilingi 30,000 umelipwa kwa 60,000. Faida ya mkopeshaji ni mia kwa mia, kwa miezi minne. Hakuna benki inayothubutu kutaja riba kama hiyo hadharani. Tena mwaka unaofuata mkulima anaanza akiwa hana akiba, kwa hiyo mtu yule atakaribishwa tena, na mara hii ataalikwa kabla hajapita.

Serikali imeikataza butura mara nyingi. Vyama vya msingi na Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe, KDCU, kilichoanzishwa mwaka 1990, vilikusudiwa kuwa njia bora, na mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa ipitie vyama vya ushirika. Lakini katazo halimpi mtu sare ya mtoto mwezi wa Januari. Mahali ambapo chama huchelewa kulipa, butura hukaa nje ya mlango ikisubiri. Sheria ya mwaka 2018 juu ya huduma ndogo za fedha nayo yataka wakopeshaji wadogo wawe na leseni, kwa sababu ya mikopo ile ambayo watu wameipa jina la "kausha damu"; basi anayekopa ana haki ya kuuliza leseni na kutaka riba iandikwe.

Sheria yazuia nyumba isikamatwe, na ukoo waweza kukomboa kibanja. Kwa kahawa iliyouzwa ikiwa maua hakuna pingamizi la kupeleka mahakamani, maana mwenyewe ameivuna kwa mkono wa mtu mwingine. Kibanja chabaki na jina lake, makaburi yabaki, nyumba yabaki na mlango wake. Na mwenye nyumba hukaa kizingitini akitazama magunia yakipakiwa.